Ndugu yetu amefia kiwandani na wanahabari wako langoni: tuseme au tunyamaze?

Swali: Mdogo wangu wa kiume alifariki Jumatatu usiku akiwa zamuni katika kiwanda kimoja hapa Kisumu. Tunaambiwa alinaswa na mkanda wa mashine. Tangu juzi wanahabari wanafika nyumbani Seme, simu yangu haipumziki, na video ya mwili wake inazunguka kwenye WhatsApp. Meneja wa wafanyakazi alileta pesa za jeneza pamoja na karatasi ya kutia sahihi, akaomba mambo haya "yabaki baina yetu". MCA, mwakilishi wetu wa wadi, naye anataka kuita wanahabari bomani kwetu kesho. Wifi yangu ana watoto wawili wadogo na hawezi hata kuzungumza. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tuseme au tunyamaze?

Jibu: Pole sana, dada, wewe na wifi yako na mji mzima. Ile karatasi ya kiwanda mtu yeyote asiitie sahihi kwa sasa. Sababu nitaitoa huko mbele. Kwanza tushughulikie walio langoni.

Ushauri wangu ni kwamba mseme kidogo wiki hii, na mbakishe maneno ya baadaye. Familia nyingi hufanya kinyume. Siku tatu za kwanza humwaga kila kitu, wakati daktari hajaandika ripoti, mkaguzi hajakanyaga kiwandani na hasira bado ni mbichi. Mwezi wa nne tangu kifo, fidia ikiwa imekwama na hakuna anayepokea simu zao, wanamtafuta mwanahabari na kuambiwa habari hiyo ilishatoka. Kamera ina nguvu zaidi huko kwenye mwezi wa nne. Kwa sasa kazi yenu ni kuhakikisha uongo hautangulii.

Kunyamaza kabisa, hata hivyo, kutawaumiza. Mwelewe huyo kijana aliyesimama langoni na maikrofoni. Wengi wa wanahabari wa kaunti hawana mshahara wa kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayotumika. Mhariri wake aliye Nairobi anataka picha na sauti mapema alasiri ili zipate nafasi kwenye taarifa ya saa moja ya Kiswahili au ya saa tatu ya Kiingereza. Mkimfungia lango hatarudi mikono mitupu. Ataenda steji ya bodaboda, ampate mtu aliyemwona marehemu mara mbili maishani mwake, na mtu huyo atasema "nasikia alikuwa amekunywa". Usiku huo hayo ndiyo yatakayosikika Kenya nzima. Mimi nimeifanya kazi hiyo ya langoni kabla ya kuanza kushauri familia, kwa hiyo simchukii. Akipata jambo fupi la kweli, saa nne asubuhi, pale chini ya mti ulio karibu na lango badala ya ndani ya nyumba ya msiba, mara nyingi ataridhika na kuondoka.

Basi jioni ya leo, kamati ya mazishi ikiketi, mchague msemaji mmoja. Asiwe wifi yako. Asiwe pia yule mwenye hasira nyingi kuliko wote, na mwenye ulimi mtamu naye tungemwacha, kwa sababu mtu wa namna hiyo akishapewa maikrofoni huongeza chumvi bila kujua. Tafuteni mtu anayeweza kusema "hilo sijui" bila kuona aibu. Walimu wastaafu huwa wazuri sana kwa kazi hii. Ila wifi yako lazima amkubali msemaji huyo, na amkubali mbele ya wazee. Nimeona miji ambamo upande wa wakwe ulisema lake, mjane akasema lake, na kufikia Jumapili habari haikuwa tena kiwanda kilichoua mtu bali "Mjane na wakwe wavutania fidia". Mwajiri huipenda sana habari kama hiyo. Tena kisheria mjane na watoto ndio wategemezi wa kwanza, kwa hiyo familia inayozungumza bila wao inazungumzia haki isiyo yake.

Msemaji aandike tamko la nusu ukurasa. Wanahabari wote wapewe lilelile, wa gazeti, wa runinga na wa redio za Kijaluo. Msemaji akiwa huru zaidi kwa Kijaluo, aongee Kijaluo, mradi yaliyomo yasibadilike. Mnaweza kuanzia hapa:

"Familia inathibitisha kwamba mpendwa wetu alifariki usiku wa Jumatatu akiwa kazini mjini Kisumu. Tukio limeripotiwa kwa polisi. Tunasubiri upasuaji wa maiti na uchunguzi wa maafisa wa usalama kazini, na hatutazungumzia chanzo cha kifo kabla ya hapo. Tunaomba picha na video za mwili wake zisisambazwe, na watoto wake wasihojiwe wala kupigwa picha. Michango ipokelewe kupitia namba hii moja tu, iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina wa kamati. Atakayezungumza kwa niaba ya familia ni huyu, kwa simu hii."

Sentensi ya michango msiiache. Msiba ukishaingia kwenye habari, watu wasiowajua watabandika namba zao za M-Pesa chini ya picha ya ndugu yenu, na wasamaria wema watatuma. Namba moja iliyotangazwa mapema inapunguza wizi huo, na pia inawaokoa na maswali kwenye kamati.

Mkisoma tamko, kuna maswali matatu yatakayofuata, nayo ndiyo yenye mitego. La kwanza: mnamlaumu nani? Mtaona vigumu kutojibu, hasa wafanyakazi wenzake wakiwa wamewanong'oneza kwamba kinga ya mashine ilikuwa imeondolewa kwa miezi. Huenda ni kweli. Lakini nyinyi hamkuwepo, na neno "wamemuua" likitoka kinywani mwa familia linampa wakili wa kiwanda kesi ya kuchafuliwa jina, tena linawageuza kutoka wafiwa kuwa washtaki kabla hamjashika hata karatasi moja. Semeni yale mliyoyaona wenyewe: aliondoka nyumbani saa ngapi, mlipigiwa simu na nani na saa ngapi, mlimkuta wapi. Ikiwa ajali ilitokea saa tano usiku nanyi mkapigiwa saa mbili asubuhi, taja saa hizo mbili na unyamaze. Msikilizaji atapiga hesabu mwenyewe.

La pili: alikuwa akilipwa pesa ngapi? Msikisie. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, hupima fidia ya kifo kwa mapato ya miezi 96. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 18,000 kwa mwezi, hesabu yake inafika 1,728,000. Akipata 12,000 inakuwa 1,152,000. Mjomba akisema hewani "alikuwa anapewa kama elfu kumi na mbili hivi" kumbe na saa za ziada zilifika kumi na nane, maneno hayo yanaweza kurudi mezani siku ambayo hamyataki. Badala yake, kusanyeni ushahidi kimyakimya leo: kadi ya kazi, pasi ya lango, hati za mshahara, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, barua yoyote. Mpige picha kila kitu na karatasi zenyewe zikae kwa mtu mmoja. Kama aliletwa kiwandani na wakala, vitu hivi ni vya thamani zaidi, maana sentensi ya kwanza ambayo kampuni nyingi husema mbele ya kamera ni kwamba marehemu "hakuwa mwajiriwa wetu".

La tatu ni lile la "unajisikiaje?", nalo halihitaji jibu. Msemaji aseme "mnaona wenyewe" na swali liishie hapo.

Mkiulizwa jambo ambalo hamtaki kulijibu, msiseme "hatuna la kusema". Kwenye runinga maneno hayo huonekana kama mnaficha kitu. Semeni mnasubiri nini: "Tunasubiri daktari, tutawapigia." Halafu kweli muwapigie.

Sasa nirudi kwenye karatasi na lile ombi la kunyamaza. Meneja kuomba msizungumze ni ombi tu, halimfungi mtu. Huenda hata si mtu mbaya. Kampuni za bima huwaonya waajiri wasiseme lolote linaloonekana kukiri kosa, ndiyo maana matamko yao hutoka baridi namna ile. Lakini karatasi iliyoletwa siku moja na pesa za jeneza isomwe na wakili au na afisa wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ambayo ina ofisi hapo Kisumu, kabla kalamu haijaigusa. Tafuteni ndani yake maneno kama "malipo kamili na ya mwisho". Gharama za mazishi ni wajibu wa mwajiri chini ya WIBA, hadi kiwango kilichowekwa, na hazipaswi kuhesabiwa kama fidia. Pokeeni, andikeni "tumepokea kiasi fulani kwa ajili ya mazishi", na basi. Afisa wa uhusiano mwema akija na mpiga picha ili mjane aonekane akipokea hundi, mkatae picha na mpokee hundi. Picha hiyo itatumika mwaka mzima kuonyesha kwamba kampuni iliwajali, hata kama hakuna kingine kitakachofuata.

(Wakili atakayejitokeza matangani bila kuitwa, akiwa na fomu zake mkononi, apewe chai na aagwe. Mkikosa uwezo wa kulipa wakili, FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na wifi yako anaweza kuanzia huko.)

Video ndiyo inayouma kuliko yote, na hapa lazima nikwambie ukweli: haitafutika yote. Inaweza kupunguzwa, hata hivyo. Kijana mmoja wa ukoo apewe kazi hiyo peke yake. Awaandikie wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, la ukoo, la kanisa, la kijiji na la wafanyakazi wenzake, kwa maneno mafupi yenye jina la mjane: "Mama watoto anaomba mfute." Ombi la mjane hufanya kazi kuliko vitisho vya sheria. Iliyopandishwa Facebook au TikTok iripotiwe na watu wengi kwa siku moja. Usimtume wifi yako kuitafuta, na mchukueni simu yake kwa siku hizi mkiweza. Pamoja na hayo, nakala moja ihifadhiwe, na aliyeirekodi afahamike ni nani, kwa sababu huenda video hiyo ndiyo pekee inayoonyesha mashine ilivyokuwa kabla haijasafishwa. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na nakala iliyopita simu kumi ni vigumu kuithibitisha.

Wanahabari wa kweli wana kanuni juu ya jambo hili. Maadili ya kazi yao, chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, yanawataka waulize kwa staha palipo na msiba, wajitambulishe na kuomba ruhusa kabla ya kuingia sehemu za hospitali zisizo za umma, na waepuke picha za miili iliyoharibika. Kwa hiyo anayewafuata hadi mochari anaweza kuulizwa kadi yake ya Baraza, na asiye nayo asipite. Siku hizi wengi wanaofika na maikrofoni yenye nembo kubwa ni watu wa YouTube ambao hawana mhariri wa kulalamikiwa. Hao wapewe tamko lilelile, bila mahojiano. Mtu akiomba "nauli" au "ya mafuta" ndipo atoe habari, msimpe hata shilingi. Anayelipwa na nyinyi leo anaweza kulipwa na kiwanda kesho.

Kuhusu redio, jambo moja tu: watangazaji wa asubuhi hupiga simu na kukuweka hewani kabla hujapangusa macho. Kila simu ya namba ngeni ianze na swali lako: "Tuko hewani?"

Wenzake wa zamu nao wana uchungu, na baadhi wako tayari kusimama mbele ya kamera waeleze jinsi kazi inavyofanyika humo ndani. Ningewazuia. Mtu huyo ana watoto na kibarua chake kinaweza kuisha Jumatatu. Tena shahidi aliyekwisha kusema mengi runingani huhojiwa vikali baadaye juu ya kila neno. Maelezo yake yaende kwa polisi, mahali mlipopewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na kwa mkaguzi wa DOSHS. Ripoti ya mkaguzi ina uzito ambao sauti ya kijana aliyefunikwa uso haina.

MCA mnamjua kuliko mimi. Huenda anawapenda kweli. Lakini akiita wanahabari kwenu kesho, mkutano utakuwa wake: atazungumza dakika ishirini, atatoa makataa kwa kiwanda, na taarifa itabeba picha yake huku nyinyi mkiwa nyuma mmekunja mikono. Msimkatae hadharani. Mzee mmoja amwendee usiku huu amwambie kwamba familia imeamua kungoja ripoti ya upasuaji wa maiti, na kwamba itamhitaji sana kufuatilia ofisi za serikali. Mpeni kazi hiyo, ya kuuliza mkaguzi amekwenda lini na ripoti itatoka lini. Kiongozi asiye na kazi matangani hujitafutia jukwaa.

Upasuaji wenyewe uwe kabla ya mazishi, na muombe daktari wa upande wenu awepo. Najua presha ya kuzika Jumamosi, wageni wameshaarifiwa na hema limelipiwa. Lakini mkizika bila upasuaji mtabaki na maneno ya kiwanda peke yake, na kufukua mwili baadaye kunahitaji amri ya mahakama na moyo ambao sidhani mtakuwa nao. Ripoti ikitoka, hapo ndipo msemaji anaweza kutoa tamko la pili, fupi, lenye kile daktari alichoandika na si zaidi.

Siku ya mazishi, tengeni mahali pa kamera upande mmoja, mbali na jeneza na mbali na wanawake wa mji. Mshereheshaji aambiwe mapema nani atashika maikrofoni na kwa dakika ngapi. Watoto wakae katikati ya shangazi zao. Picha moja ya marehemu, mliyoichagua wenyewe, akiwa amevaa vizuri, itumwe kwa wanahabari wote tangu mapema. Wasipopewa, watachukua yoyote watakayoikuta Facebook, hata ile ya baa. Mwakilishi wa kiwanda akija, aketi na wageni wengine. Kumzomea hewani kutawapa raha ya dakika tano, na taarifa yote ya usiku itakuwa kuhusu zomeazomea hiyo.

Mkiandikwa vibaya, mpigieni kwanza aliyeandika, mumweleze kosa lenyewe na ukweli wenyewe, bila matusi. Wengi hurekebisha. Asiporekebisha, mwandikieni mhariri mkidai nafasi ya kujibu, na akikaa kimya peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya sheria ileile ya 2013. Kosa dogo, kama umri au jina la kijiji, liacheni lipite.

Sasa huo mwezi wa nne niliokutajia. Chukueni daftari leo, upande mmoja muandike majina na simu za kila mwanahabari aliyefika, na mweke alama kwa wale waliosubiri kwa adabu. Upande wa pili muandike tarehe. Mwajiri anatakiwa kumwarifu afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24, na kuleta taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu kifo. Mkurugenzi wa DOSHS akishaliwasilisha dai kwa mwajiri au bima yake, wana siku 90 za kulipa. Kila tarehe kati ya hizi ikivukwa, mna habari mpya, na yenye karatasi. Mhariri aliyechoka na vilio vya matangani ataisikiliza: "Siku 90 zimepita tangu dai lifike kwenye bima, hii hapa barua yenye muhuri, hatujalipwa." Mpigieni mmoja kwanza, yule mwenye alama, mkampe nafasi ya kuuliza kiwanda kabla hajachapisha. Swali la mwanahabari kwa barua pepe ya ofisi ya mkurugenzi mara nyingine hufungua faili kabla hata habari haijatoka.

Ajali ya mgodi wa dhahabu wa Abimbo kule Bondo, Desemba 2021, unaikumbuka. Siku za uokoaji kila mtu alikuwa na kamera pale. Mwili wa mmoja wa wachimbaji ulikuja kutolewa miezi kadhaa baadaye, na ndani ya miezi hiyo ndimo familia inapohitaji kuwa na namba ya mtu wa kumpigia.

Kama wifi yako atataka kusema mwenyewe siku moja, na wajane wengi hufika hapo, asizuiwe. Isiwe kabla ya arobaini ikiwezekana, iwe kwa mwanahabari mmoja aliyemchagua yeye, nyumbani, wewe ukiwa pembeni, na maswali yajulikane mapema. Amweleze ndugu yenu alikuwa mtu wa namna gani, maana hadi wakati huo wengi watakuwa wanajua tu jinsi alivyokufa. Karatasi za dai ziwe mezani, na wakili awe amezisoma.